Hapa ni Wapi? Vionyeshi vya Mahali katika Tamthilia Mpya za Vikundi vya Jamii Zinazoigizwa Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna vionyeshi vya mahali vya Kiswahili vinavyofanya kazi pale tamthilia inapotoka jukwaani na kuigizwa kwa njia ya kikao cha video, huku waigizaji wakiwa katika nyumba tofauti na hadhira ikiwa imetawanyika. Hoja kuu ni kwamba onyesho la mtandaoni huvunja umoja wa mahali ambao vionyeshi kama vile *hapa*, *huku* na *humu* huutegemea. Lakini sarufi hiyohiyo ya Kiswahili humpa mtunzi nyenzo za kuujenga upya kwa maneno. Makala yanabainisha mahali panne panapohusika katika onyesho la aina hii, yanaonyesha mambo yanayoharibika mtunzi asipopatofautisha, na yanajadili suala zito zaidi: nini hutokea kwa sanaa za maonyesho za jamii, ambazo nguvu yake yote imesimama juu ya neno *hapa*, zinapoigizwa mbele ya watu wasio mahali pamoja. Mifano ya majibizano imetungwa na mwandishi kwa madhumuni ya uchambuzi.

1.0 Utangulizi

Mwigizaji akisema jukwaani “Weka hapa”, hakuna mtazamaji anayeuliza hapa ni wapi. Kidole kimeonyesha, macho yamefuata, na kitu kimewekwa. Maneno hayohayo yakisemwa na mwigizaji aliyeko chumbani kwake Temeke, akimwambia mwenzake aliyeko Tanga, mbele ya mtazamaji anayeshika simu akiwa ndani ya daladala, swali linakuwa la haki kabisa. Hapa ni wapi?

Swali hili lilijitokeza kwa nguvu kuanzia Machi 2020, UVIKO-19 ilipothibitishwa nchini Kenya na Tanzania na shule na vyuo vikafungwa. Kumbi za maonyesho katika sehemu nyingi za dunia zilikaa kimya, na vikundi vya sanaa, vikubwa kwa vidogo, vikahamia kwenye programu za vikao vya video. Kikundi kikubwa kina wahandisi wa sauti, kamera kadhaa na studio. Kikundi kidogo cha jamii, chenye waigizaji watano au sita wanaofanya kazi nyingine mchana, kina simu, bando la intaneti na maandishi ya tamthilia. Kwa kikundi cha namna hiyo, kasoro ambayo kamera haiwezi kuirekebisha sharti irekebishwe na lugha. Ndiyo maana suala hili, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi mitambo na wataalamu wa sanaa za maonyesho, ni suala la isimu pia.

Mijadala kuhusu maonyesho ya mtandaoni imejikita zaidi katika swali la uhai wa onyesho. Peggy Phelan (1993) alishikilia kwamba onyesho huishi katika wakati wa sasa pekee, na kwamba likishanaswa na kurudiwa huwa kitu kingine. Philip Auslander (1999) alimpinga, akionyesha kwamba dhana yenyewe ya uhai wa onyesho imezaliwa na teknolojia za kurekodi. Mjadala huo unahusu wakati. Makala haya yanahusu mahali, kwa kuwa Kiswahili ni lugha iliyojaliwa utajiri wa pekee katika kutaja mahali.

2.0 Mfumo wa Vionyeshi vya Mahali

Kiswahili kina ngeli tatu za mahali: PA, KU na MU. Kwa jumla, PA hutaja mahali mahususi, KU hutaja eneo lisilo na mipaka dhahiri au uelekeo, na MU hutaja undani. Kila ngeli ina vionyeshi vya aina tatu, na hivyo kuzaa maumbo tisa: *hapa, huku, humu*, *hapo, huko, humo*, *pale, kule, mle*. Kwa maumbo haya tisa, msemaji huweza kueleza kwa neno moja si umbali tu bali pia sura ya mahali: kama ni nukta, ni eneo au ni ndani ya kitu.

Sarufi za awali zilieleza tofauti ya maumbo haya hasa kwa umbali. Ashton (1944) aliongeza jambo la msingi, kwamba umbo lenye *-o* hurejelea kitu kilichokwisha tajwa au kinachofahamika kwa wazungumzaji wote wawili. Tafiti za baadaye, zikiwamo za Leonard (1985) na Wilt (1987), zilitilia shaka maelezo yanayotegemea umbali wa kimwili peke yake, zikisisitiza nafasi ya usikivu wa wazungumzaji na ya mazungumzo yenyewe. Katika matumizi ya ana kwa ana, umbo la *-o* pia huelekea upande wa msikilizaji: *hapo* mara nyingi ni hapo ulipo wewe.

Karl Bühler (1934) alitofautisha kuonyesha kitu kilicho mbele ya macho na kuonyesha kitu kilichomo katika fikra, ambacho msikilizaji hukiona kwa jicho la ndani tu. Tamthilia ya jukwaani hutumia njia zote mbili kwa pamoja. Kiti kilicho jukwaani ni kiti cha kweli kinachoonyeshwa kwa kidole, na papo hapo ni kiti cha enzi cha mfalme wa kubuniwa. Keir Elam (1980) alifikia hatua ya kusema kwamba uashiriaji wa *mimi, wewe, hapa, sasa* ndio unaoifanya lugha ya tamthilia kuwa ya kitamthilia. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi kuvuruga *hapa* ni kugusa uti wa mgongo wa utanzu huu.

3.0 Mahali Panne pa Onyesho la Mtandaoni

Katika ukumbi wa kawaida kuna mahali pawili: mahali pa hadithi na mahali pa ukumbi. Mwigizaji na mtazamaji wote wamo ukumbini, na kwa makubaliano wanajifanya wako Msovero au Moshi. Mtandaoni, ukumbi hupasuka vipande vitatu, na hivyo tunapata mahali panne:

(a) Mahali pa hadithi: palipobuniwa na mtunzi.
(b) Mahali pa mwigizaji: chumba halisi alimoketi, chenye pazia lake, kuku wake na mwangwi wake.
(c) Mahali pa skrini: vidirisha vinavyowaonyesha waigizaji, vikiwa vimepangwa na programu.
(d) Mahali pa mtazamaji: popote alipo mwenye simu.

*Hapa* moja inaweza kulenga popote kati ya mahali hapa panne. Mtazamaji hana kidole cha kufuata. Ana neno tu.

4.0 Mambo Yanayoharibika

4.1 Kidole kisichofika

Tuangalie majibizano yanayofaa kabisa jukwaani:

(1) MAMA: Weka hapo. Siyo hapo, hapa! Na hiki nani kakileta?

Sentensi hizi tatu zina vionyeshi vinne na hazina nomino hata moja. Jukwaani huu ni uzuri: ni lugha hai ya nyumbani. Kwenye skrini, Mama ananyoosha kidole kuelekea ukingo wa kidirisha chake, na upande wa pili wa ukingo huo hakuna kitu. Tatizo hili si geni kwa watunzi wa Kiswahili. Watunzi wa michezo ya redio walilitatua zamani kwa kukipa kila kionyeshi nomino yake. Mchezo wa *Twende na Wakati*, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ulifuatwa na wasikilizaji ambao hawakuona chochote. Mtunzi wa mtandaoni anaweza kujifunza hapo:

(2) MAMA: Kikapu umekiacha mlangoni tena? Kisogeze kwenye kiti. Na chungu hiki nani kakileta?

Katika (2) kila kitu kina jina, na kionyeshi pekee kilichobaki, *hiki*, kimefungwa na *chungu*. Kuna faida ya ziada. Mtazamaji anayezima picha ili kuokoa bando bado ataufuata mchezo kwa sikio.

4.2 Kushoto na kulia

Mpangilio wa vidirisha aghalabu hutofautiana kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Aliye kushoto kwenye simu yangu anaweza kuwa chini kwenye kompyuta yako. Aidha, programu nyingi humwonyesha mtumiaji sura yake mwenyewe kama kwenye kioo, mkono wa kulia ukionekana upande uleule wa mkono wake, ilhali wengine humwona bila kugeuzwa. Kwa hiyo majibizano yanayotegemea “geuka kushoto umwone” hayana uhakika isipokuwa picha zote zimepangwa na mtu mmoja kabla ya kurushwa. Vionyeshi *pale* na *kule* navyo, vikitumika kwa mhusika aliye kwenye kidirisha cha jirani, humwacha mtazamaji njia panda. Je, mhusika huyo yuko mbali katika hadithi, au yuko mbali kwa kuwa mwigizaji yuko mji mwingine?

4.3 *Njoo* na *hodi*

Vitenzi *-ja* na *-enda* hupimwa kutoka kwenye kitovu cha msemaji. “Njoo hapa” ni amri inayotimizwa kwa miguu. Mtandaoni haitimiziki ila kwa hila: mmoja atoke kwenye kidirisha chake, mwingine apokee bakuli linalofanana na lililotoka mkononi mwa mwenzake. Hila hii ilitumika sana mwaka 2020. Huchekesha mara ya kwanza na huchosha mara ya tano.

*Hodi* ina uzito zaidi. Katika tamthilia nyingi za Kiswahili, *hodi* na *karibu* ndizo zinazofungua onyesho jipya. *Hodi* husemwa na mtu aliye nje ambaye bado haonekani, na *karibu* humpa ruhusa ya kuonekana. Kwenye kikao cha video, mgeni huonekana kwa ghafla pasipo kubisha, au hubisha kwa kubonyeza kitufe ambacho hadhira haikioni. Mtunzi makini ataandika *hodi* isikike kwa sauti kabla kidirisha hakijafunguka. Hapo ndipo neno linapofanya kazi ya mlango.

4.4 Zamu na sauti za pamoja

Mahali pamoja huleta pia wakati mmoja. Sacks, Schegloff na Jefferson (1974) walieleza kwamba mazungumzo huendeshwa kwa zamu zinazopokezana kwa pengo dogo sana. Utafiti wa Stivers na wenzake (2009), uliolinganisha lugha 10 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulipata kwamba pengo kati ya swali na jibu ni wastani wa takribani milisekunde 200. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu linapendekeza ucheleweshaji wa sauti, kwa njia moja, usizidi milisekunde 150. Hata pendekezo hilo likifuatwa, sauti ya kwenda na ya kurudi huongeza milisekunde 300, yaani zaidi ya pengo lote la kawaida. Mtu husikika kama anasita hata kama hakusita. Katika tamthilia, kusita kuna maana: ni woga, ni uongo au ni huzuni. Mtandao basi humwongezea kila mhusika kusita ambako mtunzi hakukuandika.

Madhara ni makubwa zaidi kwa sauti zinazotoka pamoja. Wanamuziki huanza kupoteza mwendo ucheleweshaji unapozidi milisekunde 25 hadi 30. Kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, muda huo ni sawa na wapigangoma wawili kusimama umbali wa mita 10 hivi. Ucheleweshaji wa milisekunde 150 ni sawa na kuwaweka mita 50. Juu ya hilo, programu nyingi hupitisha sauti ya msemaji mmoja na kuzipunguza nyingine. Ile “Pakawa!” inayopaswa kulipuka kwa pamoja baada ya “Paukwa!” hurudi vipande vipande, au hairudi kabisa. Viitikio vidogo kama *naam*, *enhee* na *ehe*, ambavyo ni adabu ya usikilizaji katika Kiswahili, hugeuka kuwa vizuizi, kwani kila kiitikio huweza kumkata msemaji sauti.

5.0 Njia Zilizokwisha Jaribiwa

Uigizaji wa mtandaoni haukuanza mwaka 2020. Mnamo Desemba 1993 kikundi cha watu waliojitolea, kilichoanzishwa na Stuart Harris na kujiita Hamnet Players, kiliigiza mzaha mfupi uliotokana na *Hamlet* ya Shakespeare kwa kuchapa maandishi katika chumba cha soga cha intaneti. Onyesho hilo, lililochunguzwa baadaye na Brenda Danet, halikuwa na picha wala sauti. Mistari ilipewa nambari, na hata maelekezo ya kuingia na kutoka yaligawiwa kwa washiriki kama nafasi za uigizaji. Hii ndiyo njia ya kwanza: mahali pote pajengwe kwa neno, hadi mlango wenyewe uwe msemaji.

Njia ya pili ni kuomba mahali kwa hadhira. Mwezi Aprili 2020 kikundi cha Creation Theatre cha Oxford, kwa kushirikiana na Big Telly cha Ireland ya Kaskazini, kiliigiza *The Tempest* kwa Zoom. Watazamaji, wakiwa majumbani mwao, walialikwa kuchangia sauti za dhoruba kwa mikono yao. Mahali pa mtazamaji pakaingizwa ndani ya mahali pa hadithi. Tofauti na wimbo, dhoruba haihitaji mwendo mmoja. Ucheleweshaji wa sauti haukuiharibu.

Njia ya tatu ni kuifanya skrini iwe ndiyo mahali pa hadithi. Tarehe 29 Aprili 2020 jumba la Public Theater la New York lilirusha tamthilia mpya ya Richard Nelson, *What Do We Need to Talk About?*, ambamo ndugu wa familia moja wanazungumza kwa Zoom wakati wa karantini. Wahusika wako kwenye kikao cha video, na waigizaji nao wako kwenye kikao cha video, kwa hiyo mahali pa hadithi na mahali pa skrini ni pamoja. Kikundi cha Forced Entertainment cha Sheffield kilifuata mkondo huo mwaka huohuo katika *End Meeting for All*, kikifanya mikanganyiko yenyewe ya kikao kuwa maudhui.

Njia hizi hazilingani kwa gharama. Ya pili huhitaji mtu wa kuongoza sauti na picha za hadhira. Ya kwanza na ya tatu huhitaji mtunzi mzuri tu. Kikundi kidogo kisicho na fedha kina kila sababu ya kuanzia hapo.

6.0 Kutoka KU hadi MU

Njia ya tatu ndiyo inayokipa Kiswahili nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Tuchukue hadithi inayofahamika katika familia nyingi za pwani: msichana amekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, na mama yake yuko Tanga. Wanazungumza kwa simu ya video.

(3) NEEMA: Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba mwanangu. Upo?
NEEMA: Nipo mama. Huku kwema.
MAMA: Huko kwema. Na hapo je?
NEEMA: (Kimya.) Hapa pia pazuri.
MAMA: Mbona giza?
NEEMA: Humu hamna dirisha, mama.

Majibizano haya hayana hata neno moja la malalamiko. Neema anaanza kwa kauli ya adabu iliyozoeleka tangu enzi za barua, “huku kwema”, ambayo kwa ngeli ya KU hutaja nchi nzima ya ugenini pasipo kusema lolote kuhusu chumba alimo. Mama haridhiki. Anaipokea KU kwa *huko*, kisha anaibana kwa *hapo*, yaani mahali mahususi ulipo wewe ninayekuona. Neema analazimika kujibu kwa PA, na baada ya kimya anajibu kwa kifupi. Swali la giza ndilo linalomtoa kwenye PA na kumwingiza kwenye MU. *Humu* inafichua kwamba yuko ndani ya kitu, na kitu hicho hakina pa kutokea mwanga. Safari ya kutoka *huku* hadi *humu* ndiyo tanzia yenyewe, na imebebwa na viambishi.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, katika mazungumzo ya kawaida ya wasemaji wengi, *hamna* hutumika kwa maana ya *hakuna* bila wazo la undani. Kwa hiyo *hamna* peke yake isingetosha. Ni *humu* iliyotangulia inayoirudishia nguvu yake ya ngeli ya MU. Mtunzi anayetaka ngeli ifanye kazi ya kitamthilia sharti aiimarishe hivyo. Pili, majibizano haya yasingekuwa na nguvu hiyo jukwaani. Hadhira ya ukumbini ingekiona chumba chote cha Neema tangu mwanzo, na kisingebaki cha kufichuliwa. Kidirisha chembamba cha simu, ambacho tumekihesabu kuwa ni upungufu, kimekuwa nyenzo: hadhira inajua kile tu ambacho Mama anakijua. Hata kusita kulikoletwa na mtandao kumepata kazi, kwa kuwa Mama naye hana hakika kama ukimya ule ni wa mwanawe au ni wa laini.

7.0 *Hapa* ya Jamii

Hadi sasa tumeshughulikia *hapa* ya hadithi. Kwa sanaa za maonyesho za jamii kuna *hapa* nyingine iliyo nzito zaidi. Katika mkabala ulioelezwa na Penina Muhando Mlama (1991), uliotokana na kazi katika vijiji vya Tanzania, kikiwamo Malya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wenyewe hubaini matatizo yao, huyachambua, huyaigiza, kisha huyajadili pamoja baada ya onyesho. Onyesho ni sehemu ya mkutano wa kijiji. Mwigizaji akisema:

(4) MZEE: Kisima kimefungwa. Nani hapa ana ufunguo?

*hapa* hiyo ni ya mahali pa hadithi na pia ni ya uwanja walioketi watu, na huenda mwenye ufunguo ameketi safu ya pili. Utata wa *hapa* ndio silaha ya sanaa hii. Walio madarakani wamelijua hilo daima. Huko Limuru, Kenya, tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilinyang’anywa kibali mwaka 1977, na mwaka 1982 ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, uliojengwa na wanakijiji, ukabomolewa. Kama maandishi ya tamthilia yangekuwa ndiyo hatari peke yake, kusingekuwa na haja ya kuvunja ukumbi.

Mfano (4) ukirushwa mtandaoni, mtazamaji aliyeko Mombasa na mwingine aliyeko Minneapolis hawana ufunguo wala kisima. *Hapa* inabaki na maana moja tu, ile ya hadithi, na shutuma inageuka kuwa kisa. Mtunzi anaweza kujaribu kurekebisha kwa umbo la *-o* lenye kirejeshi:

(5) MZEE: Hapo ulipo, ufunguo wa kisima anao nani?

*Hapo ulipo* humkabidhi kila mtazamaji mahali pake mwenyewe. Hata uchaguzi wa umoja au wingi una maana: *hapo ulipo* huzungumza na mtu na simu yake, *hapo mlipo* huzungumza na familia iliyoizunguka simu moja. Hata hivyo, ni lazima tukiri kilichopotea. (5) ni swali kwa kila mtu, na swali la kila mtu halimtoi jasho mtu yeyote. Idadi ya watazamaji imeongezeka, lakini yule mmoja aliyepaswa kukosa usingizi usiku ule amepata pa kujificha.

Suluhisho lenye matumaini zaidi linapatikana katika utamaduni wetu wenyewe wa kutazama. Kwa miaka mingi, katika vibanda vya video, ambavyo Tanzania huitwa vibanda umiza, watu wameketi pamoja mbele ya skrini moja, huku mfasiri wa filamu akiwaeleza kinachotokea kwa Kiswahili. Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijipatia umaarufu kwa kazi hiyo. Mfasiri wa aina hii hatafsiri maneno tu. Huunganisha *kule* ya filamu na *hapa* ya kibanda. Kikundi kidogo cha jamii kinaweza kuchukua nafasi hiyo kwa makusudi: waigizaji wabaki walipo, lakini hadhira ya kijiji au mtaa ikusanywe mbele ya skrini moja, na msimulizi mmoja wa kikundi awe pamoja nayo ana kwa ana. Yeye ndiye atakayetamka (4), naye atakuwa na haki ya kusema *hapa*. “Paukwa” ataitoa yeye, na “Pakawa” itarudi kwa sauti moja, kwa kuwa itakuwa haikupita mtandaoni. Watazamaji wa mbali watabaki kuwa mashahidi, nafasi ambayo nayo ina heshima yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba vionyeshi vya mahali, ambavyo jukwaani hufanya kazi bila kutazamwa, huwa suala la utunzi pindi onyesho linapohamia mtandaoni. Kutokana na uchambuzi huu, mtunzi wa kikundi kidogo anaweza kuyasoma majibizano yake kwa maswali matatu kabla ya mazoezi ya kwanza. Je, kila kionyeshi kinachotegemea kidole kimepewa nomino? Je, kila *hapa*, *huku* na *humu* inajulikana ni ya mahali papi kati ya pale panne, na je, kuhama kwake kutoka ngeli moja hadi nyingine kumekusudiwa? Je, kuna mtu mwenye haki ya kumwambia mtazamaji *hapa*?

Maswali mawili ya kwanza ni ya ufundi, na Kiswahili kinayajibu kwa ukarimu kuliko lugha nyingi. La tatu si la ufundi. Sarufi inaweza kumpa mtunzi umbo la kumwita mtazamaji popote alipo, lakini haiwezi kumketisha jirani na mwenye ufunguo. Kazi hiyo inabaki kuwa ya kikundi chenyewe, na kikundi kitakachoisahau kitakuwa na onyesho zuri la mtandaoni lisilo na jamii.